Fremu mbili tu

Kazi yangu mimi ni kuediti video za harusi. Harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara, mara mojamoja na msiba kama familia inajiweza. Ukimwambia mtu wewe ni edita anakuangalia kama umemwambia kazi yako ni kukunja nguo zilizokwisha kauka, yaani kazi ya maana alishaifanya kameramani, wewe unaungaunga tu. Nimeshazoea.

Sasa mwezi uliopita nikapata lawama ya mteja. Ilikuwa sendofu, bibi mzaa mama wa yule binti kaletwa kutoka kijijini, mzee sana, anatembea na mkongojo, na kijana wangu wa kamera alikuwa kasimama mwisho kabisa wa ukumbi karibu na keki, kavuta lenzi mpaka ikagoma, akamchukua bibi toka anatokeza mlangoni akiwa kadoa tu mpaka anafika kwa mjukuu wake na kumshika mashavu. Sekunde 52 bila kukata. MC kanyamaza, DJ kanyamaza, unasikia mkongojo kwenye vigae, ko, ko, ko. Mimi nikaiacha vilevile. Mteja akapiga simu, kaka kazi nzuri ila pale kwa bibi panalaza watu, hebu pakate. Nikapakata zikabaki sekunde 9, nikatupia na wimbo juu yake, hela ikaingia, yakaisha.

Ila hayakuisha bana, maana usiku ule usingizi haukuja, nikachomeka eksteno ambayo jamaa yangu alinijazia muvi za zamani, nikafungua Lawrence of Arabia ambayo nilikuwa naikwepa miaka na miaka kwa sababu inakaribia masaa manne na nani ana masaa manne siku hizi. Na mle ndani, kama nusu saa hivi toka ianze, nikamkuta bibi yangu.

Watu wawili wako kisimani katikati ya jangwa, Lawrence mwenyewe, ofisa wa jeshi la Uingereza, na Mbedui anayemwonyesha njia. Wameshusha ndoo, wanakunywa. Mara kwa mbali kabisa, pale ardhi inapoonana na mbingu, kuna kitu. Huwezi kusema ni mtu, huwezi kusema ni ngamia, ni kama doa linalochezacheza kwenye maji ambayo hayapo, lile joto la jangwa linalodanganya macho. Hakuna muziki. Hakuna mtu anakuelezea chochote. Kinakuja tu, kinakua, kinakuja, wewe umeshika roho, halafu yule mwonyesha njia anakimbilia bunduki yake na kabla hajafanya lolote ameshalala chini amekufa. Ndo anatokea Omar Sharif juu ya ngamia, nguo nyeusi, wakati huo ni staa kwao Misri lakini huku kwingine walikuwa hawamjui, na kwa mtokeo ule mmoja dunia yote ikamjua.

Ile sini walipiga Jordan kwa lenzi ya milimita 482 waliyopewa na Panavision, lenzi ndefu kama bomba la bafuni. Dairekta ni David Lean, Mwingereza. Na kilichonimaliza mimi ni hiki, kwamba baadaye huyu mzee alikuja kusema shoti ile mwanzoni ilikuwa ndefu zaidi ya hapo, ila alipofika kwenye meza ya kuediti akaingiwa na woga, akaipunguza, na akajuta. David Lean huyo! Mwenye Oscar zake kabatini! Nilicheka peke yangu saa nane usiku mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Basi wiki tatu hizi nimekuwa nikimfuatilia tu yeye, nasoma, naangalia, narudia, na naona kuna kitu wanaomsifia wanakipita haraka. Wanasema Lean ni mzee wa muvi kubwa, majangwa, matreni, barafu, watu elfu na farasi wao. Sawa. Ila mimi ninavyomwona huyu alikuwa edita mwenzangu ambaye siku moja walimpa kamera na hakuwahi kuirudisha.

Alizaliwa tarehe 25 Machi 1908 pale Croydon, kusini mwa London, kwenye familia ya Waquaker. Hawa ni Wakristo wa msimamo wao, ibada yao wanakaa kimya, na kwa wazazi wa Lean sinema ilikuwa kitu cha watu waliopotea, mtoto haruhusiwi hata kusogea. Sasa pale nyumbani kulikuwa na mama anayekuja kufanya usafi, na yule mama alikuwa mpenzi wa sinema kwelikweli, basi akawa anamwigizia mtoto vituko vya Charlie Chaplin palepale jikoni, anaizunguka meza, miguu nje nje kama bata. Kwa hiyo muvi ya kwanza ya David Lean ilikuwa mama wa usafi akikimbia kuzunguka meza ya jikoni. Hii stori naipenda kuliko Oscar zake zote, na huwa nawaza yule mama kama aliwahi kujua alichokifanya kati ya kupiga deki na kuanika matambara.

Shuleni alionekana mzito. Mdogo wake Edward ndo alikuwa kichwa, akaenda zake Oxford, huyu mkubwa hakuna aliyeona haja ya kumpeleka. Kitu kimoja tu kilimshika, kamera ya Kodak Brownie aliyopewa na ndugu wa familia akiwa na miaka kama 10. Mwaka 1923 baba akaondoka nyumbani akaenda kuishi na mwanamke mwingine, na nyumba ya Waquaker enzi hizo hilo lilikuwa kama msiba usio na matanga, watu hawaji kukupa pole, wanakunong'ona. Baba alikuwa mhasibu, kwa hiyo kijana alipomaliza shule akawekwa kwenye ofisi ya uhasibu ajumlishe mahesabu ya watu. Alikuwa hoi. Shangazi yake ndo aliyesema jambo la akili katika ukoo mzima, kwamba kama mtoto anapenda sinema kiasi hiki si aende hukohuko.

Akaenda. Mwaka 1927, miaka 19, studio za Gaumont pale Lime Grove, London. Alichemsha chai, alibeba vitu, alishika kile kibao cha kugonga kabla ya shoti. Halafu akaingia chumba cha kuedit na hapo ndo akakwama kama nilivyokwama mimi.

Naomba nieleze kidogo maana vijana wa siku hizi mnadhani kuediti ni kuburuta klipu kwa kidole. Enzi zile ni mkanda wenyewe, unaushika mkononi, umening'inia mbele yako kama nguo kwenye kamba, fremu 24 zinapita ndani ya sekunde moja, unaukata na kuunga kwa gundi, ukikosea umekosea. Na ndo kwanza sauti ilikuwa inaingia kwenye sinema, mwaka 1929, 1930 hapo, maedita wengi wa kimya walikuwa wanahangaika hawajui sauti inakaaje na picha, huyu kijana akaishika haraka. Akawa anaediti filamu za habari, zile zilizokuwa zinaonyeshwa sinema kabla ya muvi yenyewe, zinatoka mara mbili kwa wiki, hakuna cha kusema sijajisikia. Hiyo ndo shule. Mimi harusi ya Jumamosi mteja anaiulizia Jumatatu asubuhi na huwa nanung'unika, sinung'uniki tena.

Kufika mwishoni mwa miaka ya 30 alikuwa mmoja wa maedita wanaolipwa vizuri kabisa Uingereza. Aliediti Pygmalion ya 1938, aliediti 49th Parallel ya 1941. Na katika miaka hiyo watu walimfuata wakamwambia njoo udairekti, akakataa. Hapa panahitaji kueleweka. Mwaka 1927 serikali ya Uingereza ilipitisha sheria kwamba majumba ya sinema lazima yaonyeshe kiwango fulani cha filamu za nyumbani, si za Marekani tu, na matokeo yake zikaanza kufyatuliwa muvi za bei chee za kujazia idadi, ilimradi. Ndo hizo alizopewa. Akaona akidairekti uchafu, jina litakwenda na uchafu, bora abaki edita mzuri kuliko kuwa dairekta wa ovyo. Nawajua watu kumi hapa mjini wangepewa ofa hiyo wangebadilisha profaili siku hiyohiyo wakaandika dairekta kwa herufi kubwa.

Alisubiri mpaka 1942. Noël Coward, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa na jina kubwa kweli Uingereza, alitaka kutengeneza muvi ya vita ya meli, In Which We Serve, ila mambo ya kamera hayajui vizuri, akatafutiwa mtu wa kumshika mkono. Lean akasema nitakuja, lakini jina langu likae pale kama dairekta mwenza. Coward hakufurahi sana mwanzoni ila akakubali, na baada ya muda akachoka kusimama studio siku nzima kusubiri taa, akamwachia. Jamaa akiwa na miaka 34 akawa dairekta wa filamu kubwa ya vita wakati vita yenyewe bado inaendelea nje.

Kutoka hapo alitengeneza filamu 16 tu kwa jumla. Kumi na sita kwa miaka 42. Na wengi wanajua nne za mwisho mwisho zile kubwa, ila nisikilizeni mimi, anzieni na Brief Encounter ya 1945.

Ni dakika 86. Nyeusi na nyeupe. Mama mmoja wa nyumbani, ana mume mzuri tu na watoto wawili, kila Alhamisi anaenda mjini kufanya manunuzi, siku moja kwenye kituo cha treni takataka inamwingia jichoni na daktari mmoja anamtoa. Basi. Wanapendana, na hawafanyi kitu. Hakuna anayepigwa, hakuna fumanizi, hakuna gesti. Walipiga usiku kwenye kituo cha Carnforth kule kaskazini, Lancashire, mapema 1945, kwa sababu vita ilikuwa haijaisha na taa za kupigia picha usiku zingeonekana na ndege za adui, kule mbali walau wangepata muda wa kuzima.

Sasa tazama edita alivyofanya kazi. Muvi inaanza kwenye mkahawa wa kituo, unaona mwanamke na mwanaume wamekaa meza moja, anakuja mama mmoja, shoga yake yule mwanamke, mwenye mdomo, anajikaribisha, anaongea kama cherehani, treni inaita, mwanaume anasimama, anamgusa yule mama begani, anaondoka. Wewe hujali. Huwajui. Halafu stori inarudi nyuma inakupeleka mwanzo mpaka mwisho, na mwishoni unarudishwa kwenye meza ileile, shoga yuleyule, na sasa unajua kwamba hizi ndo dakika zao za mwisho kabisa duniani na huyu mama mbea anazimaliza kwa umbea, na ule mkono begani ndo kwaheri yote waliyopata. Picha ni ileile. Imehamishwa tu ikakaa pengine, na safari hii inakuchinja. Mimi nilisimamisha nikaenda kunywa maji.

Na je unajua walivyoionyesha kwa majaribio pale Rochester watu walicheka? Ukumbi mzima, mtu mmoja alianza mbele wengine wakafuata. Lean alitoka pale anataka kwenda kuchoma mkanda wenyewe. Mwaka 1999 British Film Institute walipopiga kura ya filamu bora za Uingereza za karne nzima hiyo iliyochekwa ilishika namba 2, Lawrence of Arabia namba 3, na Great Expectations yake ya 1946 namba 5. Yaani katika tano bora tatu ni za mtu mmoja.

Miaka ya mwanzoni ya 50 naipita, kuna nzuri na kuna za kawaida, ila Summertime ya 1955 alipiga Venice na Katharine Hepburn na nadhani ndo ilimharibu, kwa maana nzuri, maana baada ya pale hakutaka tena kukaa studio London. Kwake ikawa hoteli, ndege, masanduku, na nchi za watu.

The Bridge on the River Kwai, 1957. Stori ya mateka wa Kiingereza wanaolazimishwa na Wajapani kujenga daraja la reli, na kanali wao anaanza kulipenda lile daraja kama la kwake. Walipiga Ceylon, ndo Sri Lanka ya leo, sehemu inaitwa Kitulgala, na daraja walijenga kweli, la mbao, juu ya mto, na treni ya kweli ya kupita juu yake. Sasa siku ya kulipua imefika. Kamera zimepangwa sehemu mbalimbali, kila kameramani ana swichi yake, akishawasha kamera na kujificha anabonyeza, taa inawaka kwa mkubwa, taa zote zikiwaka ndo wanalipua. Treni imeshaachiwa inakuja, dereva ameruka, taa zinawaka, moja haiwaki. Kameramani mmoja kasahau kubonyeza. Sasa je amejificha au bado yupo pale? Wakaacha kulipua. Treni ikapita daraja zima tulii, haina dereva, ikaenda kujigonga upande wa pili. Ikabidi waivute, wairudishe, kesho yake wafanye upya, na ndo ile unayoiona. Kila nikikumbuka kijana wangu aliyesahau kubonyeza rekodi kwenye kuvishana pete namsamehe kidogo, kidogo tu.

Muvi ile ilichukua Oscar 7, Lean akachukua ya dairekta bora, na Alec Guinness aliyekuwa akigombana naye kwenye kila sini akachukua ya stelingi. Oscar ya skripti ilikwenda kwa Pierre Boulle, Mfaransa aliyeandika kitabu, ambaye Kiingereza chenyewe kilimpiga chenga. Walioandika skripti kweli ni Carl Foreman na Michael Wilson, ila Hollywood ilikuwa imewafungia wote wawili kwa kuwaita wakomunisti, majina yao hayakuruhusiwa kuandikwa. Haki yao ilirudishwa miaka ya 80, wenyewe wakiwa wameshazikwa.

Halafu ndo Lawrence. Walianza kupiga Jordan mwezi Mei 1961, wakaenda Hispania, wakaenda Moroko, ikaonyeshwa London Desemba 1962. Peter O'Toole, aliyecheza Lawrence, alikuwa hajui ngamia, tandiko lilimchubua mpaka damu, akaenda kununua sponji akaiweka juu ya tandiko, Wabedui wakampa jina, Baba wa Sponji, na mwishowe na wao wakaanza kuweka sponji.

Lakini mimi nilikuja hapa kwa ajili ya kiberiti. Lawrence yuko ofisini Cairo, ameambiwa aende jangwani, anashika njiti ya kiberiti inayowaka, anaitazama, anaipuliza. Na palepale anapopuliza, jangwa. Nyekundu, kimya, jua halijatoka bado. Kwenye skripti ilikuwa imeandikwa picha moja iyeyukie kwenye nyingine taratibu, ndo ilikuwa desturi, ukihama mahali unayeyusha. Edita alikuwa mwanamama anaitwa Anne V. Coates, na siku wanaangalia vipande, vile viwili vilikuwa vimeungwa tu kavukavu, kwa sababu ule myeyuko ulikuwa bado haujatengenezwa maabara. Wakaangalia wote wawili wakashtuka. Paa! Ilikuwa inafanya kazi hivyohivyo. Lean akamwambia iko karibu kukamilika, nenda kaikamilishe. Coates akaenda akatoa fremu mbili.

Fremu mbili ni nini? Ni sehemu ya kumi na mbili ya sekunde. Hata kope haijashuka. Na leo miaka zaidi ya 60 baadaye ndo mkato unaofundishwa shule za filamu kuliko mkato mwingine wowote, na Coates akachukua Oscar yake ya kuediti. Lean akachukua ya pili ya dairekta, muvi nzima 7 tena. Kinachonifurahisha ni kwamba aliyeitoa si Lean, ni Coates, ila aliyejua kwamba kuna kitu kidogo sana kimezidi, bila kujua ni fremu ngapi, ni yule aliyewahi kukaa kwenye kiti kile.

Doctor Zhivago ya 1965 ni Urusi iliyopigwa Hispania, barafu ni vumbi la marumaru, ile nyumba iliyoganda ndani ni nta, na waigizaji wamevaa manyoya kwenye jua la Hispania wanajifuta jasho kati ya shoti na shoti. Wakati huo nchi iko chini ya dikteta Franco, na usiku wa manane walikuwa wanapiga sini ya maandamano watu wanaimba wimbo wa wakomunisti, polisi wakaja, na majirani kuna walioamka wakadhani Franco kafa. Ilipata hela nyingi sana, Oscar 5. Mimi binafsi inanichosha kidogo, nisamehewe.

Mwaka 1970 ndo alipigwa. Ryan's Daughter, kapiga pwani ya Ireland, Dingle, karibu mwaka mzima, alikaa anasubiri dhoruba ya kweli ije badala ya kutengeneza ya uongo, na jua la Ireland lilivyowanyima baadhi ya sini za ufukweni wakakimbilia Cape Town. Ilipotoka, wahakiki wa New York wakamwalika hoteli ya Algonquin, yeye akadhani ni mazungumzo ya kistaarabu, wakamweka kitako wakamchana kama masaa mawili, Pauline Kael akiwemo, kwamba inakuwaje mtu aliyefanya Brief Encounter analeta upuuzi kama huu. Mzee wa miaka 62, mwenye Oscar mbili za dairekta. Na hakutengeneza filamu nyingine ya sinema kwa miaka 14.

Kumi na minne! Nilikuwa nadhani mimi ndo dhaifu kwa kukosa usingizi kwa simu moja ya mteja. Alisafiri, alipanga muvi ya meli ya Bounty na mwandishi wake Robert Bolt, Bolt akapata kiharusi, mpango ukafa mikononi mwake. Alirudi 1984 na A Passage to India akiwa na miaka 76, aliiandika skripti mwenyewe, akaidairekti, na akarudi kwenye kiti akaiediti mwenyewe, jina lake lipo pale kama edita, baada ya miaka zaidi ya 40. Mwaka huohuo akapewa cheo cha Sir.

Nisije nikaonekana namsujudia. Kuna vitu unaviangalia leo unaona aibu. Prince Feisal wa kwenye Lawrence, Mwarabu, kachezwa na Alec Guinness aliyepakwa rangi, na huyohuyo Guinness mwaka 1984 kapakwa tena awe Mhindu, wakati India ina waigizaji wamejaa na mwingine, Victor Banerjee, yuko mlemle kwenye muvi na kacheza vizuri kuliko wote. Kabla ya hapo, kwenye Oliver Twist ya 1948, pua aliyobandikwa Guinness kumchezea Fagin, mzee mwizi wa Kiyahudi, ilileta maandamano ya Wayahudi Berlin, na Marekani wakaizuia mpaka 1951 na ikatoka imekatwakatwa. Lawrence of Arabia ukiisikiliza toka mwanzo mpaka mwisho hakuna mwanamke hata mmoja anayesema neno. Masaa manne hayo. Na nyumbani kwake ndo kabisa, alioa wake sita, si kwa mpigo, mmojammoja, na mtoto wake wa kiume wa ndoa ya kwanza hakumlea. Mtu anayeweza kusubiri wimbi la bahari miezi na miezi, kusubiri mtoto akue hakuweza.

Turudi kwenye mikato maana ndo yangu. Lawrence baada ya kutoka 1962 wenye sinema walilalamika ndefu, ikakatwa dakika 20 hivi, baadaye ikakatwa tena, vipande vikapotea. Mwishoni mwa miaka ya 80 jamaa anaitwa Robert A. Harris akaanza kuvitafuta na kuvirudisha, madairekta wakubwa wa Marekani, Spielberg na Scorsese, wakamsukumia nyuma. Vipande vingine vilipatikana picha bila sauti, ikabidi O'Toole na Guinness waitwe studio warekodi upya maneno waliyosema zaidi ya miaka 25 nyuma, wazee sasa, waigize sauti zao za ujana, na Jack Hawkins aliyekuwa amekufa akawekewa mtu wa kumwigiza. Ikawa nzima tena. Wakamwita mzee Lean akae nayo aimalizie, na unajua alifanya nini? Akakata. Amerudishiwa dakika zake zote alizolilia miaka na miaka, akakaa kwenye kiti, akaona hapa pamezidi, na hapa pamezidi, akakata, toleo la 1989 likatoka fupi kidogo kuliko la kwanza.

Alikufa London tarehe 16 Aprili 1991, saratani ya koo, miaka 83, akiwa anaandaa muvi ya Nostromo, wiki chache kabla ya kuanza kupiga. Masanduku yalikuwa tayari.

Mimi juzi nimeifungua tena ile projekti ya sendofu, nikairudisha shoti ya bibi yote, sekunde 52, nikaiangalia kama mara kumi nikiwa na hasira zangu. Kusema ukweli mteja alikuwa na kahaki kidogo. Pale mwanzoni kuna kijana wa vinywaji anakatiza mbele ya kamera na kreti la soda, sikuwa nimemwona kabisa, nilikuwa namwangalia bibi tu. Nimemtoa. Sasa ni 47, na mkongojo unausikia kabla hujamwona mwenyewe.